Maua Bila Mtu

Ngeleka wa Manika alitembea na pembe mbili za katoni nyeusi, zilizokatwa kwa umbo la herufi L, katika mfuko wa shati, kama Wakristo wengine wanavyotembea na rozari. Ukizilaza pembe hizo moja juu ya nyingine unapata dirisha. Ukizivuta dirisha linapanuka, ukizisukuma linabana. Bwana wake, Musyu Pavlidis, Mgiriki mwenye duka la picha mjini Kolwezi, upande wa Wazungu, alimfundisha kuziweka juu ya foto kabla ya kushika kisu. Sogeza huku, sogeza kule, mpaka usichokitaka kimebaki nje. Kisha kata. Kupiga foto kila mtu anaweza, alisema Musyu Pavlidis, hata mbuzi akikanyaga mashini ya foto atapata kitu. Kazi ni kujua cha kutupa.

Na cha kutupa kilikuwa kingi. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji, ingawa Wabelgiji wenyewe walikuwa hawajaambiwa, na wake zao walishikwa na homa ya bustani. Mvua zikikolea, madamu wa barabara moja walishindana na madamu wa barabara ya pili, na kila mmoja alitaka foto za maua yake azitume Ulaya, ndugu zake wa huko wajue kwamba anateseka mahali pazuri. Mwanzoni Ngeleka alibeba tu miguu ya mashini. Goti la Musyu Pavlidis lilipoanza kuuma, akawa anaenda peke yake. Alipiga waridi, alipiga dalia, alipiga kana nyekundu zilizosimama kama askari siku ya gwaride. Lakini foto zikishatoka katika dawa ya kusafishia picha, kila ua lilikuwa limekuja na mtu wake. Hapa mkono umeshika mpira wa maji. Pale kisigino. Pale, nyuma ya waridi, kofia ya majani, na chini ya kofia mzee mtunza bustani anatabasamu, maana aliona mashini akadhani na yeye amekumbukwa.

"Toa huyu," alisema Musyu Pavlidis, akisukuma pembe. "Madamu anataka maua. Maua bila mtu."

Kata. Mzee na tabasamu lake wakaanguka katika ndoo ya takataka. Ngeleka alimtazama kidogo pale ndooni, akajifunza.

Kwake Manika, kwenye mji wa Waafrika, pia kulikuwa na maua, na hiyo ilikuwa habari. Watu wa Manika walipanda muhogo wa sombe, mchicha wa lengalenga na mahindi mpaka mlangoni, na udongo usiozaa chakula uliitwa uvivu wa mwenye nyumba. Mkewe, Kabedi, alipewa mbegu na masista waliowafundisha wanawake kushona, kufuma na kupamba meza, hata wale ambao meza hawakuwa nayo. Kabedi akapiga tuta refu mbele ya nyumba, akalizungushia matofali yaliyopakwa chokaa, akapanda zinia. Zilipochanua, wanawake wa mtaa walikuja kutazama, wa kwanza akiwa Mama Bilonda, jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu wa Katanga ya kaskazini mwenye moyo mwema na ulimi wa wembe.

"Kabedi, ile maua inapikwaka na karanga ao na mafuta?"

"Inaliwaka na macho, mama."

"Njo maana bwana yako anakonda vile."

Wakacheka, na Kabedi akacheka kuwapita. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini machache aliyokuwa nayo aliyatia chumvi. Ngeleka pia alikuwa na machache, ila yake yalitoka kama viazi vya hospitali. Walikuwa Waluba wa Kasai wote wawili, kutoka upande wa Luputa. Ngeleka alikuja Kolwezi kijana, kwa treni, akifuata kazi ya shaba; kifua kikamkatalia vumbi, akaangukia kwa Mgiriki. Jioni, ving'ora vya mgodi vikishalia, mume na mke walikaa mlangoni kila mtu na kiti chake. Ngeleka alitoa pembe zake mfukoni akamtazama Kabedi kwa dirisha lile, akibana jicho moja.

"Leo unanikata fasi gani?" Kabedi aliuliza.

"Ku shingo."

"Uache kichwa, tata. Kinywa yangu inaikalaka kule."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na yaliwatosha. Mpaka ilipokuja habari kutoka Luputa kwamba mama yake Kabedi amefariki.

Kwa Waluba jambo hili halina njia ya mkato. Mama mkwe akifa, mkwe haombi radhi kwa mtu, hatumi salamu, hatumi blanketi peke yake. Anakwenda mwenyewe, anaketi chini kwenye kilio, anatoa sauti, na ukoo unaisikia. Machozi ya mkwe hayapandi treni bila mwenyewe. Ngeleka alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Ila lilikuwa juma la mashindano ya bustani, madamu walikuwa wamejaa dukani kama nyuki, na Musyu Pavlidis alikuwa na uso wa mtu aliyemeza betri. Ngeleka akasimama kwenye mlango wa chumba cha giza, akakohoa, akafungua kinywa kuomba ruhusa. Kilichotoka ni hiki:

"Musyu, dawa inaisha."

"Nunua," alisema Musyu Pavlidis.

Basi akanunua dawa. Kabedi akapanda treni peke yake, na kwenye dirisha Ngeleka akamwambia, "Nafuata juma inakuja." Juma likaja. Likaja na lingine. Kila asubuhi alisimama kwenye mlango ule ule, akakohoa kikohozi kile kile, mpaka Musyu Pavlidis akampa vidonge vya kifua. Kule Luputa wazee wakasema: mkwe asiyekuja kulia hatumjui, mtoto wetu akae kwanza hapa nyumbani, tuone kama ana mwenyewe. Kabedi akakaa. Hakuna aliyemfunga kamba. Labda na yeye alitaka kuona.

Mvua zikaisha, baridi ya mwezi wa sita ikaja, ikapita. Ngeleka hakujua kupika kwa mtu mmoja. Alisonga bukari ya watu wawili, akala nusu, akaifunika nusu, asubuhi akaila ngumu kama tofali na chai. Kiti cha Kabedi kilibaki mlangoni, na kwa kuwa kiti kikikaa bure kinamtazama mtu, akaanza kukitupia suruali. Jumapili kanisani aliketi mwisho wa benchi, na wenye wake zao walimsogelea kwa huruma, wakamuuliza, "Mama anarudi wakati gani?" Akajibu, "Juma inakuja." Alikuwa ameshalitumia jibu hilo hata lilikuwa limetoboka.

Kilichomshika ni tuta la zinia. Mvua zilipoanza tena, mbegu zilizoanguka zikaota zenyewe bila kumwomba mtu ruhusa, jambo lililomuaibisha kidogo. Akapalilia. Akapaka matofali chokaa upya. Vumbi la mgodi lilipotua juu ya maua na kuyafanya yote rangi moja, alichukua kitambaa chenye maji akayapangusa ua kwa ua. Mchana, akiwa kazini, Mama Bilonda ndiye aliyemwagilia, kwa kuwa alikuwa na ndoo na alikuwa na la kusema.

"Tata Ngeleka, unasukula maua sawa mutoto. Siku ingine nitakukuta unaifunga nepi."

"Ni ya Kabedi, mama."

"Na weye uko ya nani?"

Ngeleka akakikamua kitambaa. Aliendelea kupangusa.

Alijaribu kuandika. Aliandika, "Mke wangu Kabedi," akaitazama mistari mitupu iliyobaki chini, akaona ni mingi sana kwa mtu ambaye hata ruhusa ilimshinda kuomba. Ndipo likamjia wazo, na kwa mtu wa kazi yake lilikuwa wazo la halali kabisa: foto itasema. Atatuma foto ya maua. Kabedi ataona kwamba alichokiacha kimetunzwa, hakuna hata jani la njano, na ataelewa yote yaliyobaki. Musyu Pavlidis alikuwa na mashini moja ya zamani, sanduku tu lenye jicho, iliyokuwa ikivujisha mwanga pembeni. Ngeleka aliiomba kwa Jumapili moja. Hiyo aliweza kuomba.

Akapiga baada ya misa, jua likiwa mgongoni kwake. Jumatatu, kazi za madamu zilipokwisha, akaikuza foto, akaianika, kisha akailaza mezani na kutoa pembe zake. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anakata nyumba yake mwenyewe.

Tuta lilikuwa limetoka vizuri, limejaa maua mwanzo mpaka mwisho. Lakini tazama vilivyokuja nalo. Kushoto, mguu wa Mama Bilonda na ndoo. Mguu wa mwanamke katika uwanja wa mume ambaye mkewe yuko safari: hata Baba Mtakatifu angeuliza swali. Akasukuma pembe, mguu ukatoka. Nyuma, mlango wazi, mweusi kwa moshi, maana tangu Kabedi aondoke Ngeleka alipikia mlangoni. Aibu. Ukatoka. Kando ya mlango, kiti cha Kabedi kimevaa suruali. Kikatoka. Na mbele, chini kabisa, kikilala juu ya matofali, kivuli chake mwenyewe: kichwa, mabega, viwiko viwili vimeshika sanduku. Musyu Pavlidis alikuwa na neno kwa mpiga foto anayepiga kivuli chake: ni mpishi aliyesahau kidole katika mchuzi. Ngeleka akasukuma pembe ya chini pole pole, kivuli kikapoteza kichwa, kikapoteza mabega, kikaisha.

Kikabaki kitu safi. Tuta refu, matofali meupe pande zote, maua juu. Hakuna mlango, hakuna ukuta, hakuna mtu. Akakata. Akaitia katika bahasha, akaandika jina la Kabedi na la misheni ya kule kwao. Ndani hakutia neno. Maneno ya nini, alisema moyoni, macho anayo.

Akangoja. Aliyangojea majibu ya foto ile kama mtu anayengojea picha itokee katika dawa: unaitikisa sahani, unaona weupe, unajiambia bado kidogo. Siku za treni alipita stesheni kwa baiskeli, ati njia ile ni fupi, na haikuwa fupi. Mama Bilonda aliacha kumtania kwa muda, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko utani.

Ndipo siku moja sokoni Manika akamwona Mama Tshibola, dada ya marehemu mama mkwe. Alikuwa amekuja kumsalimia mwanawe aliyefanya kazi mgodini na kukaa Kapata, na sasa alikuwa ameinama mbele ya sinia ya samaki wa chumvi akibishana. Furaha ilimpanda Ngeleka mpaka kooni. Akazunguka kwa nyuma, akamgusa bega kwa heshima, akamsalimia kikwao.

"Moyo wenu, mama."

Mama Tshibola akageuka. Akamtazama. Kisha, bila haraka, akaketi juu ya samaki.

"Mama, ni mi. Ngeleka."

"Naona. Njo maana naikala." Alikuwa akimtazama miguu, kama inafika chini. "Weye ulikufa."

"Mi? Nani alisema?"

"Weye mwenyewe. Ulituma foto ya kaburi yako."

Muuza samaki, mwanamke mnene ambaye hakuna kifo kilichowahi kumshtua, aliingilia. "Mama, kama tata huyu ni mufu ao ni muzima, mi sijue. Lakini ile samaki munaikalia ni ya kuuzisha."

Mama Tshibola aliinuka, akapangusa kitenge, akamshika Ngeleka mkono na kuufinya kwa nguvu. Alipoona amesema "aii" kama watu wa kawaida, akaanza kueleza. Kule kwao, alisema, nani amewahi kuona maua yamepandwa kwa mstari, yakazungushiwa matofali ya chokaa? Iko fasi moja tu: nyuma ya misheni, pale bapadri banazikwaka. Foto ilifika, mwalimu wa dini akaifungua mbele ya watu wote. Ikawa tuta. Urefu wa mutu. Matofali nyeupe. Maua juu. Akaigeuza nyuma atafute neno, hakuna. Akatikisa bahasha, hakuna.

"Baba mukwe wako akasema, mutu muzima hakose neno hata moja. Ile ni barafiki ya kazi banatuma, banaogopa kuandika. Akasema tena, angalia vile Bazungu balimuheshimu, balimutilia hata maua." Mama Tshibola akavuta pumzi. "Tulikulilia muzuri, Ngeleka. Mi mwenyewe sauti yangu ilikatika. Mu kilio ya dada yangu haikukatika vile."

"Na Kabedi?"

"Kabedi banamunyoa kichwa. Anavaa nguo ya bujane. Na bazee banasema, kilio ikiisha kabisa, aingie kwa ndugu yako Mwamba, juu ya desturi, na Mwamba iko pale karibu." Akamtazama Ngeleka tena kuanzia miguuni. "Kama uko muzima, fanya mbio kidogo."

Ngeleka hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja mjini, akasimama kwenye mlango wa chumba cha giza, na safari hii hakukohoa.

"Musyu, ku kwetu banasema nilikufa. Naomba niende nionekane."

Musyu Pavlidis alitaka kujua walimuua kwa kitu gani. Ngeleka akatoa mfukoni nakala ya foto ile, aliyoikata vivyo hivyo akabaki nayo. Mgiriki akaivutia kwenye taa, akaizungusha, akaitazama kwa muda mrefu kwa jicho la kazi.

"Umekata vizuri," alisema. Kisha: "Nenda. Rudi kabla madamu hawajaanza tena."

Hivyo tu. Ruhusa aliyoiogopa tangu mama mkwe yuko mbichi kaburini ilitoka kama moshi wa sigara, na Musyu Pavlidis alikuwa ameshageuka kutafuta kiberiti. Ngeleka akasimama pale zaidi ya ilivyohitajika. Afadhali angefokewa.

Treni ikampeleka Tenke, ikampeleka Kamina, ikamshusha Luputa, na kutoka pale alitembea akivuta mbuzi aliyemnunua stesheni, mnyama mkaidi aliyeonekana kujua mambo yote. Kijijini watoto walimwona kwanza. Walikuwa wamelia kwa ajili yake na kula nyama ya kilio chake, kwa hiyo walikimbia kwa adabu, bila kelele. Watu wazima walisimama milangoni. Ngeleka alipita katikati yao akisema moyo wenu, moyo wenu, na hakuna aliyeitika, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Baba mkwe, mzee Kabeya, alikuwa amekaa mbele ya nyumba akisuka kamba. Hakuinuka.

"Tulikulilia," alisema.

"Nimesikia, tata."

"Mtu tuliyemlilia hatuwezi kumshika mkono hivi hivi. Kaa chini. Ule, tukuone."

Wakaleta nshima na majani ya muhogo. Ngeleka akakata tonge mbele ya kijiji kizima, akatafuna. Hajawahi mtu kutazamwa koo namna ile.

"Anameza," akasema mtu nyuma.

"Hata mzimu unaweza kumeza," akasema mwingine. "Mngoje ateremshe maji."

Akateremsha maji. Ndipo akaiweka sahani kando. Alikuwa amejiandaa njiani kusema maneno kuhusu kazi, kuhusu madamu, kuhusu dawa. Akaona chini ya paa la jiko kinu cha mama mkwe, kile alichomwona akikitumia siku ya kuja kuposa, na sasa kimelazwa ubavu, kuku amekipanda. Sauti ikamtoka. Ilitoka vibaya, kavu, kama mlango uliofungwa muda mrefu, kisha ikapata maji. Akalia akiita mama, mama, akiwa ameketi chini vumbini kama inavyotakiwa, akalia mpaka wanawake waliokuwa wakimcheka wakamuitikia. Kilikuwa kilio cha mwaka mzima uliopita, na hakuna aliyesema kimechelewa, kwa sababu ni nani atakayemlaumu mfu kwa kuchelewa?

Mzee Kabeya aliisuka kamba yake mpaka mwisho.

"Hiyo," alisema. "Hiyo sauti ndiyo tuliyokuwa tunaingoja. Foto ya nini?"

Kabedi alimjia baadaye, nyuma ya jiko, amefunga kitambaa cheusi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekonda. Akaketi mbali kidogo, akafungua fundo la kitenge chake na kutoa ile foto. Alikuwa ameitunza. Pembe zake zilikuwa zimelainika kwa kushikwa.

"Ulinikata fasi gani?" aliuliza, kwa Kiswahili cha Manika, ili watu wa nyumbani wasielewe.

Ngeleka akaiweka foto chini, akaonyesha kwa kidole juu ya udongo, nje ya karatasi. Hapa ilikuwa mlango. Hapa kiti yako, iko na suruali yangu juu. Hapa kivuli yangu. Hapa mguu ya Mama Bilonda.

"Bilonda alifuata nini?"

"Alileta maji."

Kabedi akacheka kidogo kupitia puani. "Ungeacha mguu ya Bilonda, mi ningekuya siku ileile. Na fimbo."

Ngeleka akacheka pia, na kwa dakika hiyo walikuwa mlangoni kwao, ving'ora vimelia, jioni. Kisha Kabedi akaacha.

"Ungeacha ile kiti na suruali, ningesema masikini, anahangaika. Ungeacha hata kivuli. Mi niliangalia, nikatafuta fasi ya mutu, haiko. Maua tu. Maua haina haja na mi, Ngeleka. Inaomba maji."

"Turudi," alisema Ngeleka. Hakuwa na neno lingine, na kwake hilo lilikuwa refu.

Kabedi akafungua kitambaa. Kichwa kilikuwa kimenyolewa wembe, na vinyweleo vilikuwa vimeanza tu, kama vumbi. Ngeleka hakujua atazame wapi. Alikuwa mtu wa kuangalia vitu vizuri, na hiki hakuweza.

"Mi nilikulilia," Kabedi alisema. "Nililia kabisa, si ya kuonyesha bantu. Sasa unakuya, unakula, uko muzima, bantu banacheka. Mi niko bado kule ku kilio. Niingie Manika na kichwa hii, Bilonda ataniuliza nani alikufa. Nitajibu nini?" Akakifunga tena kitambaa, pole pole. "Kwa Mwamba siingie, nimesema na tata. Acha nywele iote. Ikiota, nitaona."

"Inaotaka siku ngapi?"

"Kichwa haiko zinia."

Akarudi peke yake. Mbuzi alibaki.

Manika aliikuta imeingia kiangazi. Mama Bilonda alikuwa amemwagilia alivyoweza, lakini kisima kilishuka, na zinia zilikuwa zimesimama kavu na kahawia, vichwa vimeinama kama wanafunzi walioitwa ofisini. Ngeleka hakuzing'oa. Jumapili akaomba tena lile sanduku lenye jicho, na safari hii akamkabidhi Mama Bilonda.

"Nifanye nini na hii?"

"Unafinya apa tu, mama."

"Nikusogelee, ao nikuache mbali? Sababu pa karibu uko mubaya."

"Uache mbali. Byote biingie."

Akaenda akakaa mlangoni kwenye kiti chake. Kando yake kiti cha Kabedi, na suruali juu. Alikuwa ameunyoosha mkono kuiondoa, kisha akaiacha. Mama Bilonda akabana macho yote mawili, akafinya. Foto ilitoka imelala upande kidogo, kidole chake kimeziba kona moja na mwanga umevujia kona nyingine. Mlango mweusi. Sufuria. Tuta limekauka. Ndoo. Katikati ya vyote hivyo, mdogo, mtu ameweka mikono juu ya magoti.

Dukani aliilaza mezani, na mikono yake yenyewe ikatoa pembe na kuzipanga. Kidole cha Bilonda kilitaka kutoka. Sufuria ilitaka kutoka. Dirisha lilibana, likabana, likamfikia yeye peke yake, uso na kola ya shati, safi kama foto ya kitambulisho. Alikaa nayo hivyo mpaka Musyu Pavlidis akapita nyuma yake.

"Kidole hicho," alisema Mgiriki. "Kata."

"Hapana, Musyu," alisema Ngeleka, akarudisha pembe mfukoni.

Nyuma ya foto akaandika, kwa herufi za kusimama: *Mi njo huyu. Maua inakufa.* Akaituma nzima.

Jibu la karatasi halikuja. Lakini Mama Tshibola hupita Kolwezi kila anapokuja kumwona mwanawe, na Ngeleka humngoja sokoni pale kwa muuza samaki, ambaye sasa akimwona tu husogeza sinia. Hamuulizi kama foto ilifika. Anauliza jambo moja.

"Nywele ya Kabedi inafika wapi, mama?"

Mara ya mwisho Mama Tshibola alifikiri, akainua kidole chake kidogo, akaonyesha kwa gumba: mpaka hapa, mwisho wa ukucha. Ngeleka akamshukuru, akapanda baiskeli. Jioni akasonga bukari, akala nusu. Akatoka na kukaa mlangoni, ving'ora vikalia, watu wa mtaa wakapita wakimsalimia wawili wawili. Akaunyoosha mkono wake wa kushoto mbele ya uso, akabana jicho moja, akakitazama kidole kile kidogo mpaka giza likakifuta.